Supape Mbili na Sikio la Mama

Kalemie, 2 Juni 2024

Papa mpendwa,

Naanza na kifua chako, maana najua baridi ya Kirungu haina adabu. Je, unalivaa lile koti la sufu nililokutilia chini ya mfuko, au umeshampa mtu? Na Shangazi Élisabeth, magoti yake yanasemaje? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda sokoni na ndagala zangu, narudi. Nyumba iko palepale ulipoiacha.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ulipanda kilimani kutafuta rezo, ukanipigia, nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka nje. Nilikuwa nakuuliza kama umekula. Wewe ukanijibu, "Sawa, mama, nitazituma." Mpaka leo sijui utatuma nini. Basi Félicien wa boti ndiye atakayetubebea karatasi, maana kule Moba, pwani yenu, anafika mara kwa mara na hapotezi kitu cha mtu.

Pikipiki yako inalia. Ilianza karibu na Pentekoste. Nikiiwasha asubuhi, juu kwenye kichwa cha moteri kuna kitu kinagonga bila kupumzika, ta-ta-ta-ta, kama mtoto aliyepewa kijiko na sufuria. Nikipanda mlima na vikapu viwili inachoka kabla yangu. Fundi mmoja karibu na daraja la Lukuga aliisikiliza akasema ni supape, zinahitaji kurekebishwa. Alitaka kuifungua palepale barabarani, na mikono yake imejaa mchanga. Nikamshukuru, nikaondoka. Unakumbuka mwenyewe ulivyokuwa ukiwasema wanaofungua moteri barabarani.

Nimetafuta vile vibati vyako vyembamba vya kupimia nafasi ya supape. Nimemwaga kisanduku chote cha vyombo. Umeviweka wapi?

Jambo lingine. Mjomba Néhémie amekuja tena. Ndugu za Mama wanataka tumalize kilio chake mwishoni mwa mwezi wa tisa, mwaka utakapotimia. Itakuwa misa, halafu chakula, halafu tuvue nguo nyeusi. Anauliza utashuka lini, kwa sababu mjane ndiye anayepaswa kuvua wa kwanza. Nilimwambia nitakuuliza, basi nimekuuliza.

Binti yako,
Syntiche


Kirungu, 17 Juni 2024

Mama yangu mdogo,

Barua yako imefika ikinuka ndagala, nikafurahi kabla hata ya kuifungua. Koti ninalo, nalivaa hata kanisani, na padri amelisifu. Shangazi yako anasema magoti ni yake, usimuulizie, lakini tangu asubuhi anawaeleza watu kwamba Syntiche ameyauliza. Maharage tumevuna vizuri. Mimi nipo.

Sasa tumwangalie mgonjwa. Vibati usivitafute, viko mfukoni mwangu. Siku ile nilipopanda boti nilitia mkono mfukoni nikavikuta. Mtu anaacha nyumba yake, anaacha mtoto wake, anabeba vibati! Usinicheke.

Karatasi itafaa. Ukurasa mmoja wa kaye, kama huu ninaouandikia, una unene unaotosha kwa pikipiki ile. Kata utepe mwembamba, usiwe na mkunjo wala mafuta. Kisha fungua kofia ya juu ya moteri. Utaona mikono midogo miwili ya chuma, kila mmoja unakanyaga supape yake. Moja inaingiza hewa na esansi, ya pili inatoa moshi. Kati ya mkono na supape lazima pawe na nafasi ndogo. Ikizidi, inagonga. Ikikosekana, supape haifungi vizuri, na moteri inapoteza nguvu.

Toa buji, ile inayopiga cheche, ili moteri izunguke bila ubishi. Tia kijiti kirefu kwenye tundu la buji, uzungushe polepole mpaka pistoni ikisukume kijiti juu kabisa. Hapo tikisa mikono yote miwili. Ikichezacheza kidogo, uko mahali pake. Ikiwa mmoja umebanwa, zungusha mara moja tena, maana umefika juu kwa zamu isiyo yake. Legeza nati, shika kichwa cha ile visi ndogo ya katikati kwa koleo, pitisha karatasi chini, kaza taratibu. Karatasi itoke ikisitasita, isikwame wala isiteleze. Ndipo ufunge nati huku umeishika visi, kwa sababu nati ina tabia ya kuivuta visi wakati wa kufunga. Pima tena. Mwisho rudisha kila kitu ulipokitoa.

Msalimie mjomba wako.

Papa yako,
Adalbert


Kalemie, 30 Juni 2024

Papa,

Salamu kutoka kwa binti yako mwenye mafuta mpaka kwenye nywele. Afya ninayo. Pikipiki ndiyo haina tena.

Nilifuata kila neno. Jumamosi nilirudi kutoka sokoni, nikaosha mikono kwa sabuni mara mbili, nikaanza nayo palepale uani. Karatasi nilikata kwenye ukingo wa barua yako, mahali ambapo hukuandika kitu. Nilitaka iwe hiyo, hata sijui kwa nini, wakati kaye ninazo tele. Ilitoka ikisitasita kama ulivyosema. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka, kimya kabisa. Papa, nilicheza! Mama Annie wa jirani aliniona, akauliza kama nimeposwa.

Kesho yake asubuhi ikakataa. Nilipiga kiki mpaka mguu ukatetemeka. Ikikohoa mara moja inalala tena. Nikaenda misa kwa miguu, nikafika wakati wa mahubiri, na viatu vyenye kisigino.

Nimekosea wapi? Nilikumbuka kila kitu mlichokuwa mkifanya. Hata lile la Mama kuweka kiganja juu ya moteri kabla hamjaanza. Nilijua alikuwa anapima kama imepata joto, ndiyo maana niliianza mara tu nilipofika, ikiwa bado inachoma.

Hukusema kitu kuhusu kilio. Mjomba nimemsalimia, lakini hakuja kutafuta salamu.

Binti yako,
Syntiche


Kirungu, 11 Julai 2024

Mama yangu,

Pole ya mguu na ya visigino. Sisi huku hatujambo, ila asubuhi maji ya kunawa yanauma kama siafu.

Lo! Mama yako alikuwa anahakikisha kwamba imepoa. Supape hazirekebishwi moteri ikiwa na joto. Chuma kikipata joto kinatanuka, ukipima wakati huo umepima uongo. Ikipoa nafasi inapotea, supape inabaki wazi, na moteri inayopumulia pembeni haiwaki. Mimi nilikuwa na haraka kila mara, nikirudi tu nataka kufungua. Yeye anaweka kiganja, anasema, "Papa Syntiche, bado. Iache ipoe." Mara nyingine tulingoja mpaka mboga ya sombe ikaiva na tukala kwanza.

Na nyingine: unasema iliwaka kimya kabisa, ukacheza. Usicheze tena. Supape nzima ina sauti yake ndogo, kama mtu anayeshona kwa cherehani nyumba ya pili. Isiyolia hata kidogo ndiyo inayoungua, nawe hutajua mpaka imekwisha.

Sauti hiyo mimi sikuisikia kamwe. Unajua masikio yangu yalivyoharibiwa na majenereta niliyoyachunga nikiwa kijana. Mama yako alikuwa anatoa kigoda cha jikoni, anakaa upande wa kulia wa pikipiki, anafumba macho. Mimi nakaza, nafunga, napiga kiki. "Papa Syntiche, ile ya mbele ingali inasema mingi." Nazima, tunangoja tena, nakaza. "Sasa umeifunga kinywa. Hapana. Acha iseme kidogo." Mwisho anafumbua macho, anasema, "Hii njo sauti yake." Basi, tumemaliza. Watu wa mtaa wakanisifu kwamba Papa Adalbert ana mkono. Mkono nilikuwa nao kweli, lakini sikio lilikuwa la Cécile.

Wewe unaniuliza kuhusu kilio, na mimi nazungumza supape. Si kwamba sikusoma. Nikishuka nitaiona ile pikipiki uani, nitakiona na kigoda. Nitapiga kiki halafu nimtazame nani? Nimemkosa mama yako, Syntiche. Nimemkosa mpaka chakula hakina chumvi, na Shangazi yako anadhani ni mapishi yake.

Ngoja ipoe usiku mzima, kisha urudie. Barua hii nimeiachia ukingo mpana.

Papa yako,
Adalbert


Kalemie, 28 Julai 2024

Papa yangu,

Natumaini umeamka salama na kifua hakijambo. Huku upepo wa ziwa unavuma tangu wiki iliyopita, ndagala zimekuwa haba, wanawake wa sokoni tunagombana kwa adabu. Mama Annie anakusalimia.

Ukingo ulikuwa mpana kweli, nimekata tepe tatu na mmoja nimeuhifadhi. Nilingoja mpaka asubuhi. Kabla sijaanza niliweka kiganja juu ya moteri. Ilikuwa baridi, na nililia kidogo, halafu nikafanya kazi. Kigoda nilikitoa lakini sikukikalia. Nilichuchumaa pembeni yake.

Sasa inawaka kiki ya kwanza, hata alfajiri. Nikisimama kwa wavuvi kununua, naiacha iungurume yenyewe wakati nabishana bei, haizimiki. Juzi nilipanda mlima na vikapu viwili na Mama Annie juu yake, na unamjua Mama Annie alivyo.

Lakini bado haijapona, Papa. Kuna sauti. Siyo ile ya kwanza, ni nyingine. Inakuja moteri ikiwa baridi, halafu inarudi ikiwa na joto, na siku za mvua inanyamaza kabisa. Nimekaza, nimelegeza, nimechoka nayo. Nadhani ni ugonjwa ambao karatasi haiuwezi. Inataka vibati vya kweli, na vibati unavyo wewe. Itabidi uje mwenyewe uiangalie. Ukishuka mwezi wa tisa, tutafanya na hili na lile kwa safari moja.

Binti yako anayekungoja,
Syntiche


Kirungu, 9 Agosti 2024

Syntiche,

Uhali gani? Sisi tupo.

Ikiwa karatasi haiuwezi, tafuta fundi mwenye mikono safi. Mwambie aifungulie nyumbani, uani, mbele yako. Vibati nitampa Félicien akuletee.

Mwambie mjomba wako wamalize kilio bila mimi. Nguo yangu nyeusi nitaivua hapa, Shangazi yako atanisimamia, na Mungu anaona hata huku milimani. Sishuki. Usiniulize tena, mama.

Papa yako


Kalemie, 1 Septemba 2024

Papa,

Sijambo, nawe natumaini hujambo. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na ulinifundisha mwenyewe kwamba kitu chenye joto hakifunguliwi. Nimengoja. Bado sijapoa vizuri, lakini Félicien anaondoka.

Vibati havikufika. Félicien anasema ulimpa pwani, boti ilipokuwa inasukumwa ukaviomba tena. Basi usiniambie kwamba umemaliza na nyumba hii.

Umemkosa Mama. Unadhani mimi nimemkosa nusu? Wewe ulipata boti. Mimi nililala hapa usiku ule na usiku uliofuata, na vitenge vyake viko kwenye kamba moja na vyangu. Kila jioni nasonga bukari ya watu watatu, kwa sababu mkono wangu haujui kupika ya mtu mmoja, halafu nampelekea Mama Annie. Sijakulaumu ulipoondoka. Nilikukunjia koti. Nilidhani unakwenda kupumua, utarudi. Nimezika mama, Papa. Sitaki kumzika na baba ambaye bado anakula maharage Kirungu.

Uliniandikia kwamba supape isiyolia hata kidogo ndiyo inayoungua. Barua yako ya mwisho haikulia hata kidogo. Niliisoma nikaogopa.

Siku imepangwa, Jumamosi tarehe 28. Misa itakuwa asubuhi. Mjomba Néhémie anasema Shangazi anaweza kukusimamia huko, desturi inaruhusu, yeye hatagomba. Anayegomba ni mimi. Kama hutakuwepo, mimi nyeusi siivui. Nitakwenda nayo sokoni mpaka watu wachoke kuniuliza.

Na pikipiki bado ina ile sauti. Wiki iliyopita mvua ilinyesha ikanyamaza, ikarudi kulipokauka. Nakuomba uje uisikie.

Binti yako, wa pekee uliye naye,
Syntiche


Kirungu, 17 Septemba 2024

Mama yangu mdogo,

Nakusalimu wewe, na Mama Annie anayekula bukari yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisoma asubuhi, nikaenda shambani, nikarudi bila kufanya kitu, nikaisoma tena. Shangazi yako akaniuliza ni nani amekufa. Nikamsomea yote. Alikwenda akachukua mfuko wangu, akaanza kukunja nguo.

Umenisema vibaya na umenisema haki. Nilipata boti, na wewe nilikuacha na kamba ya vitenge. Nisamehe, mwanangu.

Sasa tuzungumze juu ya huyu mgonjwa wako. Mvua gani, Syntiche? Mvua gani ya Julai? Mvua gani ya Agosti? Hata hapa milimani vumbi limetufika shingoni, wewe huko Kalemie unanyeshewa peke yako? Na tangu lini supape ikaogopa mvua? Pikipiki yenye supape mbaya haiwaki kiki ya kwanza alfajiri. Haikai ikiunguruma wakati mwenye nayo anabishana bei. Na hakuna pikipiki duniani yenye supape mbaya itakayompandisha Mama Annie mlimani. Uliirekebisha siku ileile, vizuri kabisa, kwa kipande cha karatasi, bila mtu wa kukuambia sasa imetosha. Maana yake uliisikia. Sikio umelirithi, ila uongo hukuurithi kwa yeyote. Shangazi yako alicheka mpaka akashika magoti.

Nilikuwa najiuliza nikipiga kiki nitamtazama nani. Jibu lilikuwa limechuchumaa pembeni ya kigoda, na mimi nimekaa huku navuna maharage.

Basi, kwa kuwa pikipiki ni nzima kabisa, nakuja kuitengeneza.

Félicien amenipa nafasi kwenye boti. Nikijaliwa nitafika siku moja kabla ya misa. Mwambie Mjomba Néhémie nyeusi yangu nitaivua mbele yake, nyumbani kwangu, na wewe utavua baada yangu. Huenda nitalia sana nikipita mlangoni. Nakuambia mapema ili usishtuke wala usiite watu.

Kigoda kitoe, ukiweke upande wa kulia, na safari hii ukikalie. Mimi nitakaza, wewe utaniambia. Utepe ule uliouhifadhi uutupe. Vibati vinakuja na mwenyewe, ndiyo maana barua hii nimeiandika mpaka pembeni, sikukuachia ukingo.

Siku hiyo ya kufika kwangu usiiwashe. Nenda sokoni kwa miguu, na viatu vya chini. Nataka nikiingia uani niweke kiganja juu ya moteri, niikute imepoa.

Papa yako,
Adalbert